Viini Pacha na Hali Zilizotabiriwa

Bila shaka umejifunza darasani, ewe msomaji, kwamba kila kitu kimeundwa kwa atomu, na kwamba katikati ya kila atomu mna kiini kidogo mno ambacho ndani yake zimo protoni na nyutroni. Huenda pia umechoka kuambiwa hivyo. Mambo hayo hufundishwa kwa haraka, yakachorwa daftarini kwa vidoa vyekundu na vidoa vya buluu, na mwanafunzi akaondoka akidhani kwamba habari ya kiini imekwisha. Nia yangu katika kurasa hizi ni kukuonyesha sehemu moja ya historia ambayo vitabu vya shule huiruka. Ni habari ya wataalamu waliokaa mezani na kalamu, wakaandika hali ya viini ambavyo hakuna mtu aliyekuwa amepata kuviona, kisha wakangoja waone kama maumbile yatakubaliana nao. Wengine walingoja miaka michache. Mmoja alingoja mpaka mauti yakamfika.

Ernest Rutherford alikitambua kiini huko Manchester mwaka 1911, lakini kwa muda wa miaka ishirini baadaye watu walikuwa na nusu tu ya habari. Nyutroni haikujulikana mpaka mwaka 1932, James Chadwick alipoigundua Cambridge. Mwaka uo huo Mjerumani Werner Heisenberg aliandika jambo ambalo kwanza laonekana kama mchezo wa maneno: kwamba protoni na nyutroni zaweza kuhesabiwa kuwa chembe moja yenye sura mbili. Hakuwa akicheza. Chembe hizo zina uzito karibu sawasawa kabisa. Nyutroni huizidi protoni kwa kadiri isiyofika sehemu mbili katika elfu moja. Tofauti iliyo wazi ni moja tu, nayo ni kwamba protoni ina chaji chanya ya umeme, na nyutroni haina chaji. Mwaka 1937 Eugene Wigner, Mhungaria aliyekuwa amehamia Marekani, aliliendeleza wazo hilo na kulitengenezea hesabu kamili, na sifa hiyo ya kuwa na sura mbili ikaja kuitwa isospini.

Ili uone faida ya wazo hilo, yakupasa ujue kwamba ndani ya kiini mna kani mbili zishindanazo. Ya kwanza ni kani ya umeme. Protoni zote zina chaji ya namna moja, na chaji za namna moja hufukuzana, kwa hiyo kani hii yataka kukipasua kiini. Ya pili ni kani ya kiini yenyewe. Hii ina nguvu nyingi sana, ila haifiki mbali, nayo huzikaza chembe pamoja pasipo kuuliza kama hii ni protoni au ile ni nyutroni. Kama isingekuwako hii ya pili, kusingekuwa na kaboni wala oksijeni, wala wewe wa kusoma habari hizi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kiini hakikubali kuwa na nishati ya kiasi chochote tu. Fikiri habari ya mtu apandaye paani kwa ngazi. Aweza kusimama juu ya kipago hiki au kile, yaani juu ya mti huu wa kukanyagia au ule, lakini hawezi kusimama hewani katikati ya viwili. Kiini nacho kina vipago vyake, ambavyo wataalamu huviita hali za nishati. Kikitulia, hukaa katika hali ya chini kabisa. Kikipigwa na chembe nyingine chaweza kurushwa juu, kikasimama pale kwa muda mfupi mno, kisha kikashuka kwa kutoa miale ya gama, au kwa kuitupa nje moja ya chembe zake. Urefu wa vipago hivyo hupimwa kwa kipimo kiitwacho MeV, maana yake elektroni-volti milioni moja. Kuni zinapowaka, kila atomu hutoa elektroni-volti chache tu. Basi hapo utaona kwamba moto wa kiini si moto wa jikoni.

Sasa tuje kwa mapacha. Chukua kaboni-13, yenye protoni 6 na nyutroni 7. Geuza kila protoni iwe nyutroni, na kila nyutroni iwe protoni. Utapata kiini chenye protoni 7 na nyutroni 6, nacho ni naitrojeni-13. Viini viwili vya namna hii huitwa viini vya kioo, kwa sababu kila kimoja ni kama sura ya mwenziwe ndani ya kioo. Kaboni-13 ni kiini imara. Imo katika hewa unayopumua na katika chakula unachokula. Naitrojeni-13 haidumu. Ina protoni nyingi kupita kiasi, na katika kila dakika kumi nusu ya viini vyake huwa vimekwisha badilika, protoni moja ikigeuka nyutroni, na kiini kikawa kaboni-13.

Ikiwa kani ya kiini haibagui, basi ngazi ya naitrojeni-13 haina budi kufanana na ngazi ya kaboni-13. Umeme utainyanyua ngazi nzima juu zaidi, kwa kuwa protoni saba hufukuzana kuliko protoni sita, lakini nafasi kati ya kipago na kipago zapaswa kubaki karibu vile vile. Hapo ndipo ulipozaliwa uwezo wa kutabiri. Kiini kigumu kutengenezwa, kinachovunjika kabla hujamaliza kukipima, kina pacha wake aliye imara au mwepesi zaidi kupatikana. Mpime huyo, kisha hesabu kazi ya umeme, nawe utaijua hali ya yule asiyeonekana.

Hebu tujaribu kwa tarakimu. Kumtoa nyutroni wa mwisho katika kaboni-13 kwahitaji nishati ya 4.95 MeV. Kuitoa protoni ya mwisho katika naitrojeni-13 kwahitaji 1.94 MeV tu. Tofauti ni karibu 3 MeV, na hiyo ndiyo kazi ya umeme. Ukichukua mapacha wengine, oksijeni-17 na florini-17, utakuta 4.14 upande mmoja na 0.60 upande wa pili, tofauti ikiwa 3.54. Imeongezeka kidogo kwa sababu protoni zimeongezeka. Tofauti hizi hazirukiruki ovyo. Hupanda taratibu kadiri viini vinavyokuwa vikubwa. Kwa hiyo yeyote aliye na subira na kalamu aweza kuzikadiria kwa viini ambavyo havijapimwa bado.

Waluo humwita pacha anayetangulia kuzaliwa Opiyo, na anayefuata Odongo. Watu wa nje huwachanganya, lakini mama yao hakosei hata gizani. Wapimaji wa viini nao walipozidi kuwa hodari walianza kuona yale ambayo mama huyaona.

Hali ya kwanza juu ya ile ya chini katika kaboni-13 ipo kwenye 3.09 MeV. Kwa kanuni tuliyoitaja, hali hiyo katika naitrojeni-13 ingepaswa kuwa karibu hapo hapo. Vipimo vilionyesha 2.37 MeV. Kipago kimeshuka kwa zaidi ya 0.7 MeV, na kosa la namna hiyo haliwezi kusingiziwa chombo. Pengine mtu angesema kwamba wazo la Heisenberg na Wigner limeanguka. Mimi naona kwamba hapa ndipo habari yenyewe inapoanza kuwa tamu, maana kanuni iliyokuwa ikitoa majibu ya karibu-karibu ililazimishwa kueleza kwa nini haikutoa jibu kamili.

Maelezo yalitolewa na J. B. Ehrman mwaka 1951 na R. G. Thomas mwaka 1952, nayo si magumu kama watu wanavyoyaogopa. Angalia tena tarakimu. Katika naitrojeni-13, nishati ya 1.94 MeV yatosha kuifukuza protoni ya mwisho. Hali yetu ipo kwenye 2.37, yaani juu ya kiasi hicho. Kwa hiyo protoni hiyo haimo ndani barabara; ni kama mgeni aliyesimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Zaidi ya hayo, katika hali hiyo protoni haina mwendo wa kukizunguka kiini, na chembe isiyozunguka haina kizuizi cha kuirudisha ndani isipokuwa ule ukuta wa umeme peke yake. Basi hutawanyika mbali na wenzake. Na chembe iliyo mbali haifukuzwi sana na umeme wa wenzake. Ngazi nzima ilinyanyuliwa kwa 3 MeV, lakini kipago hiki kilinyanyuliwa kwa 2.3 tu, ndiyo maana ukikipima kutoka chini ya ngazi wakiona kimeshuka. Katika kaboni-13 jambo hilo halitokei, kwa kuwa huko chembe ya mwisho ni nyutroni, na 3.09 ni pungufu sana ya 4.95, nyutroni imo ndani kabisa na mlango umefungwa. Florini-17 ilitoa ushahidi wa pili: hali yake ya kwanza ipo karibu 0.50 MeV, na ile ya oksijeni-17 ipo kwenye 0.87. Mshuko huo tangu hapo huitwa kwa majina ya Thomas na Ehrman.

Waweza kuuliza, na ni haki yako kuuliza, ni nani anayejali kama kipago kimeshuka kwa nusu ya MeV katika kiini kinachodumu dakika moja. Jibu limo katika nyota. Mwaka 1939 Hans Bethe alieleza jinsi nyota kubwa kuliko jua zinavyopata nguvu zake: kaboni humeza protoni moja baada ya nyingine, ikapita katika hali ya naitrojeni na oksijeni, na mwisho ikarudi kuwa kaboni, baada ya kuzigeuza protoni nne kuwa heliamu. Hatua ya kwanza ya mzunguko huo ndiyo hii: kaboni-12 humeza protoni na kuwa naitrojeni-13, na kasi yake hutegemea kile kipago cha 2.37. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1967 ilikuwa kwa kazi ya namna hiyo.

Katika nyota iliyotulia, mzunguko huo huenda polepole. Lakini kuna nyota zilizokufa, ndogo na nzito, ambazo hunyonya haidrojeni kutoka kwa nyota jirani mpaka tabaka lililojikusanya juu yake likalipuka. Mlipuko huo huitwa nova. Humo joto hufika mamia ya mamilioni ya digrii, na viini vyenye protoni nyingi humeza protoni zaidi kabla havijapata nafasi ya kuvunjika. Florini-17, ambayo nusu yake hutoweka katika sekunde 64 hivi, huweza kumeza protoni na kuwa neoni-18. Yaani mambo yote ya maana hupita katika viini ambavyo hapa duniani hatuwezi kuviweka katika chupa.

Neoni-18 ina protoni 10 na nyutroni 8. Pacha wake ni oksijeni-18, yenye protoni 8 na nyutroni 10, kiini imara kilichomo katika maji ya mtungini mwako kwa kiasi kidogo. Katika oksijeni-18 ilijulikana hali moja kwenye 5.38 MeV ambayo spini yake, kipimo cha mzunguko wake, ni 3. Hali hiyo ilipaswa kuwa na mwenziwe katika neoni-18. Kila hali nyingine ya karibu ilikuwa imekwisha patikana na kuandikwa; hii peke yake haikuonekana. Tena ndiyo iliyotakiwa kuliko zote, kwa kuwa florini-17 na protoni zikikutana zaweza kuifikia moja kwa moja bila kizuizi cha mzunguko.

Mwaka 1988 Michael Wiescher na wenziwe Joachim Görres na Friedrich-Karl Thielemann walikaa kuihesabu. Walijua habari za Thomas na Ehrman, kwa hiyo hawakuiandika kwenye 5.38. Waliishusha, wakaiweka karibu na 4.33 MeV. Mwaka 1991 wapimaji wengine walidhani wameiona kwenye 4.56, lakini majaribio yaliyofuata hayakulithibitisha jambo hilo. Njia zilizotumika wakati huo za kutengeneza neoni-18 zilikuwa na upendeleo wa asili: ziliziinua vizuri hali za aina fulani, na hali yetu ikawa miongoni mwa zile zinazopuuzwa. Tena, kama ilivyokuja kujulikana, ilikuwa imejibanza kati ya majirani wawili, mmoja kwenye 4.52 na mwingine kwenye 4.59. Ni kama kumtafuta mtoto mnyamavu aliyeketi katikati ya ndugu zake wawili wapiga kelele.

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1999 katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Huko Dan Bardayan na wenziwe waligeuza mambo. Badala ya kuipiga florini kwa protoni, jambo lisilowezekana kwa sababu hakuna awezaye kukiweka mezani kitu kinachotoweka kwa dakika moja, walitengeneza florini-17 papo hapo, wakairusha kwa kasi kama mshale, ikapita katika karatasi nyembamba ya plastiki yenye haidrojeni. Protoni za haidrojeni zilipopigwa ziliruka mbele, zikahesabiwa. Kila mara nishati ya mshale ilipolingana na hali iliyotafutwa, idadi ya protoni ilibadilika ghafula. Hali iliyopotea ikaonekana kwenye 4.524 MeV.

Linganisha sasa. Ngazi ya pacha peke yake ingesema 5.38. Hesabu ya mwaka 1988 ilisema 4.33. Ukweli ulikuwa 4.52. Waliohesabu walikuwa na haki kabisa kuhusu mshuko, ila walishusha kupita kiasi. Usiidharau tofauti hiyo ya 0.19 MeV. Protoni katika nyota hupata nishati yake kwa joto, na chembe zenye nishati kubwa huwa adimu upesi sana kadiri nishati inavyopanda. Katika joto la digrii milioni 400, kuinua kipago kwa 0.19 MeV hupunguza mchango wake kwa zaidi ya mara mia mbili. Mwanafunzi wa kidato cha juu aliyejifunza hesabu za vipeo aweza kulithibitisha mwenyewe. Kwa hiyo ilibainika kwamba katika joto la nova nyingi hali hiyo haina kazi kubwa, na florini humeza protoni kwa njia nyingine iliyo ya polepole. Utawala wake ni katika milipuko yenye joto zaidi, kama ile itokeayo juu ya nyota za nyutroni. Hesabu za nova ziliandikwa upya.

Nimekueleza utabiri uliongojewa miaka kumi na mmoja. Sasa nikueleze ule wa miaka arobaini na zaidi.

Vitaly Goldansky alizaliwa Vitebsk mwaka 1923, akafanya kazi yake Moscow. Mwaka 1960 alitoa makala ambamo alitumia mapacha wa kioo kwa ujasiri ambao wengine hawakuwa nao. Alichukua zile tofauti zinazopanda taratibu, za namna ya 3 na 3.54 tulizozihesabu hapo juu, akazipeleka mbele hadi kwenye viini vyenye protoni nyingi kiasi kwamba hakuna mashine ya wakati ule iliyoweza kuvitengeneza. Akauliza: ukizidi kuongeza protoni, au kuzipunguza nyutroni, ni lini kiini kitashindwa kabisa kuishika protoni ya mwisho? Mpaka huo upo, na ng'ambo yake protoni hudondoka kama tone la maji kutoka bombani.

Lakini Goldansky aliona jambo la ajabu zaidi. Protoni ndani ya kiini hupenda kukaa mbili mbili, na jozi huwa imefungamana kuliko protoni iliyo peke yake. Basi fikiria kiini chenye idadi shufwa ya protoni kilichovuka mpaka. Kuitoa protoni moja kwamaanisha kuivunja jozi, na kuivunja jozi kwahitaji nishati ambayo kiini hakina. Kuzitoa zote mbili kwa pamoja hakuhitaji kuivunja. Kiini cha namna hiyo kimezuiwa kutoa moja, na kimeruhusiwa kutoa mbili. Goldansky akasema kwamba upo unururifu wa aina mpya, ambao kiini hutupa protoni mbili kwa mara moja.

Hoja ilikuwa safi, lakini maumbile yaliweka masharti makali. Protoni mbili zinapotoka hulazimika kupenya ukuta wa umeme. Zikiwa na nishati nyingi kidogo kuliko inavyofaa, hupenya mara moja, na kiini hutoweka kabla hakijafika penye chombo cha kupimia. Zikiwa na nishati kidogo mno, hukwama, na kiini hujivunja kwa njia ya kawaida, protoni moja ikigeuka nyutroni. Kati ya pande hizo mbili kuna nafasi nyembamba tu. Kwa hiyo swali zima likawa swali la tarakimu: ni kiini gani chenye nishati ya kufaa?

Miaka ilipita. Unururifu wa protoni moja ulionekana kwanza mwaka 1970, katika hali iliyoinuliwa ya kobalti-53, na mwaka 1981 huko Darmstadt, Ujerumani, ulionekana kutoka katika hali ya chini ya kiini cha lutetiamu-151. Ule wa protoni mbili haukuonekana. Mwaka 1991 Alex Brown wa Chuo Kikuu cha Michigan State alihesabu upya viini vilivyo karibu na mpaka, na wengine wakamfuata katika miaka hiyo ya 1990. Kazi yao ilikuwa ile ile ya mapacha, ila kwa uangalifu mkubwa zaidi. Kiini kimoja kilichojitokeza ni chuma-45.

Chuma cha jembe na panga ni hasa chuma-56, chenye protoni 26 na nyutroni 30. Chuma-45 kina protoni zile zile 26, lakini nyutroni 19 tu. Ni kiini chenye njaa ya ajabu. Pacha wake ni potasiamu-45, yenye protoni 19 na nyutroni 26, ambayo yenyewe hudumu dakika kadhaa na yaweza kupimwa. Kwa kuanzia kwa pacha huyo, wahesabuji mbalimbali walikadiria kwamba protoni mbili zikitoka katika chuma-45 zitakuwa na nishati ya jumla iliyo kati ya 1.1 na 1.3 MeV. Hiyo iliangukia ndani ya ile nafasi nyembamba.

Mwaka 1996 chuma-45 kilionekana kwa mara ya kwanza Darmstadt. Viini vichache tu, vya kutosha kusema kwamba kipo. Kisha makundi mawili, moja Darmstadt na jingine katika maabara ya GANIL mjini Caen, Ufaransa, yakaanza kuungoja mvunjiko wake. Walirusha viini vya nikeli-58 kwa kasi kubwa ili vigonge shabaha na kupasuka. Katika mabilioni ya vipande walivichuja vile vya chuma-45, vilivyohesabika kwa makumi tu. Kila kimoja kilizamishwa ndani ya kipande cha silikoni, na saa ikaanza kuhesabu. Baada ya elfu chache za sekunde, silikoni ilitoa ishara: nishati ya karibu 1.1 MeV, bila positroni iliyofuatana nayo, kama ambavyo ingekuwa katika mvunjiko wa kawaida. Makundi yote mawili yalitangaza matokeo yao mwaka 2002, na tarakimu zao zilipatana.

Goldansky alikuwa amefariki Moscow tarehe 14 Januari 2001.

Wakaidi walikuwa bado na neno, na sioni vibaya kuwatetea, maana ukaidi wa namna hiyo una kazi yake. Silikoni ilikuwa imepima jumla ya nishati. Haikuwa imeziona protoni mbili. Mwaka 2007 neno hilo lilikwisha. Huko Caen wapimaji walitumia chumba cha gesi kilichoweza kuzitenganisha protoni hizo. Mwaka huo huo kundi kutoka Chuo Kikuu cha Warsaw lilipeleka chombo chake Michigan State: sanduku la gesi lenye kamera. Kiini cha chuma-45 kiliingia ndani ya gesi, kikasimama. Protoni zilipotoka ziliifanya gesi ing'ae njiani zilimopita, na kamera ikapiga picha. Ukiipata picha hiyo katika kitabu, itazame vizuri. Utaona mstari mrefu ulionyooka, ambao ni njia ya kiini kilipokuwa kikiingia, na mwishoni mwake mistari miwili mifupi inayotoka mahali pamoja na kwenda pande mbili.

Baada ya chuma-45 walipatikana wengine: zinki-54 mwaka 2005, na nikeli-48 baadaye. Mwaka 2016 wapimaji waliofanya kazi katika taasisi ya RIKEN huko Wako, Japani, walitoa habari za kriptoni-67, kiini kizito kuliko wote waliotangulia katika kundi hili. Nacho hutoa protoni mbili, kama ilivyobashiriwa. Ila kilipopimwa kilikutwa kinazitoa upesi mara nyingi kuliko hesabu ilivyosema, na wahesabuji wamerudi mezani, wakichunguza kama umbo la kiini hicho si mviringo kama walivyodhani, au kama mlango wa protoni mojamoja, ule ambao Goldansky aliufunga katika makala yake, katika kiini hiki umebaki wazi kidogo.